Shikamoo za Mume wa Bibi

Kwetu mtoto mchanga huamkia wakubwa kwa mdomo wa mama yake. Umembeba, mzee anapita, unakishika kile kimkono, unabana koo na kusema kwa sauti nyembamba, "Shikamoo babu!" Mzee anaitikia marahaba, kisha anamuuliza mtoto, si wewe, "Umeamkaje?" Nawe unajibu kwa sauti ileile, "Salama." Mzee anaondoka ameridhika. Nyote wawili mnajua kwamba aliyejibu ana miaka thelathini na mbili na cheti cha ndoa, lakini hakuna anayeuita huo uongo. Ni adabu. Shida ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniambia ni lini mama anatakiwa kuacha.

Mimi sikuacha. Mwanangu alifikisha miaka miwili na miezi saba bila kusema neno, na mimi nikawa bado namsemea, tena kwa ufundi uliozidi kukomaa. Kufikia wakati huo sauti yake ilikuwa na lafudhi, ilikuwa na mzaha, na ilikuwa na mambo inayoyapenda na isiyoyapenda. Ilikuwa sauti nzuri sana. Kasoro yake ilikuwa moja tu: haikutoka kwake.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ipo Igogo, chumba kimoja chenye vioo viwili vinavyotazamana, draya moja yenye kelele na benchi la kusubiria. Watu hudhani ususi ni kazi ya vidole. Ni kazi ya mdomo. Mteja wa rasta ndogondogo anakaa kwenye kiti kwa saa sita, na usipomwongelesha anasinzia, shingo inalegea, mistari inapinda, halafu lawama ni zako. Kwa hiyo naongea. Nilikuwa naongea kabla ya mimba, wakati wa mimba, na mkunga aliyenizalisha aliniomba nipumzike kidogo ili nisukume.

Ndiyo maana mwanangu alipokaa kimya wateja hawakuhangaika kutafuta sababu. Mmoja alisema nimemmalizia maneno yote tangu tumboni. Mwingine akanyoosha kidole kwenye vioo vyangu: mtoto ambaye hajaota meno akijiona kiooni ulimi unakuwa mzito, sasa huyu wangu amelelewa katikati ya viwili, anajiona amepanga foleni mpaka mwisho wa macho. Wa tatu alisema anamjua mama mmoja mtaani kwao anayekata kilimi kwa wembe, dakika moja tu, mtoto anaanza kuongea palepale. Huyo nilimtoa nje akiwa amesukwa upande mmoja. Alirudi baada ya nusu saa amejifunga mtandio, tukamalizia upande wa pili bila kusemezana, na hiyo ndiyo mara pekee saluni yangu imewahi kuwa kimya.

Mtoto mwenyewe hakuwa na shida na mtu. Alikuwa anasikia vizuri kabisa. Ungefungua pakiti ya biskuti ukiwa uani, yeye akiwa barabarani, mngekutana mlangoni. Alikuwa anapanga rola zangu za nywele sakafuni kwa rangi, nyekundu na nyekundu, njano na njano, na mteja akiokota moja kwa bahati mbaya alipiga yowe lililosikika mpaka kwa muuza chipsi. Akitaka kitu alikushika mkono akaupeleka kwenye kitu hicho, kana kwamba mkono wako ni ufunguo. Akifurahi alicheka mpaka anaanguka. Maneno ndiyo hayakuwepo.

Mume wangu hakuwa na wasiwasi. Anafanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha samaki na ni mtu wa maneno machache. Siku ya kunichumbia alisema sentensi tatu, na moja ilikuwa kuomba maji. Mama yake husema huyo naye alianza kuongea akiwa na miaka minne na hajaongeza mengi tangu hapo.

Sasa huyo mama yake, mama mkwe wangu, ndiye niliyemkosea.

Anaishi upande wa Sengerema, ng'ambo, ukishuka kivuko cha Kamanga unapanda pikipiki mwendo wa saa moja. Ni mjane, ana ng'ombe wanne, na ana simu ya kitochi ambayo kila Jumapili baada ya misa hutupigia. Simu hiyo haina picha. Nawaomba mlikumbuke hilo kabla ya kunihukumu, maana ingekuwa na picha nisingefika mbali.

Yeye na mjukuu wake wana utani wa kawaida wa bibi na mjukuu: mtoto ni mume wake. "Mume wangu hajambo?" ndiyo salamu yake ya kwanza kila akipiga. Kwa hesabu hiyo mimi ndiye niliyekuwa mama mkwe wake, lakini sikuwahi kuthubutu kumkumbusha. Mimi kwake ni shikamoo mama, habari za huko, mvua zimenyesha, ng'ombe wazima, haya mama nakupa mwanao. Namheshimu mpaka ulimi unakauka, na mjue si jambo la kawaida ulimi wangu kukauka.

Jumapili moja akaniambia kwamba mjukuu wa jirani yake, mdogo kuliko wangu kwa miezi miwili, ameanza kuongoza Salamu Maria kwenye jumuiya. "Watu wote wanalia," alisema. "Na mume wangu, bado tu?"

Nilikuwa nasuka. Mdomoni nilikuwa na kitana, begani simu, mikononi kichwa cha mteja, na chini ya meza mwanangu akipanga rola. Hasira ilinipanda kwa huyo mtoto wa Salamu Maria, ambaye hajanikosea kitu. Nikatoa kitana, nikabana koo.

"Shikamoo bibi!"

Mteja wangu aligeuza shingo mistari ikaniponyoka. Halafu ikasikika sauti ya mama mkwe, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nyororo kama ya msichana: "Marahaba! Marahaba mume wangu! Jamani!"

Hapo ningeweza kusema, "Ni mimi mama, natania." Muda ulikuwepo, kama sekunde tatu hivi. Nikazitumia kusema, "Bibi hujambo?"

Jumapili iliyofuata alipiga kabla ya misa.

Nisiseme uongo mwingine: niliyafurahia. Mimi kama mume wa mama mkwe wangu nilikuwa mume bora. Nilimuuliza kama goti limepona. Nilimwambia asibebe maji, nitakuja kumbebea. Nilimuahidi kitenge chekundu na blanketi zito. Nilimwambia yule jirani na mjukuu wake wa Salamu Maria wana majivuno, naye akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Umeona eeh, mume wangu!" Siku moja kile kisauti kilisema, "Bibi, nakupenda," na nikabaki nimeduwaa na simu, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sauti yangu nisingeweza kuyasema hayo hata kwa kushikiwa panga. Tukimaliza hapo nashusha koo, nashika simu vizuri, namwambia, "Haya mama, shikamoo," naye anaitikia kwa ile sauti yake ya siku zote, na tunarudi kwenye habari za mvua.

Wakati huohuo tulikuwa tumeanza kwenda hospitali. Masikio yalipimwa, yakaonekana mazima. Tukapelekwa kwa mtaalamu wa mambo ya kuongea, dada mdogo mwenye sauti ya chini na boksi la midoli. Alimtazama mtoto akicheza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akanipa fomu yenye orodha ya maneno. "Weka alama kwenye maneno ambayo anayasema mwenyewe," alisema.

Mama. Baba. Bibi. Maji. Kuku. Nilishika kalamu, na Mungu ananiona, kwa muda sikujua jibu. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia nyumbani kwangu, kwa sauti ya mtoto, kwa masikio yangu haya. Kwamba kinywa nacho kilikuwa changu, hilo lilionekana kama jambo dogo. Niliweka alama kumi na nane.

Yule dada alihesabu, akakunja uso kidogo. Akasema kwa maneno kumi na nane mtoto yupo katikati. Inawezekana amechelewa tu na atawafikia wenzake. Inawezekana ni tatizo la lugha lenyewe, lile lisiloondoka kwa kusubiri. Inawezekana kuna kingine. "Ni mapema kulipatia jina," alisema. Watoto wasio na maneno kabisa walikuwa wanaanza mazoezi mara moja. Wangu aliambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Nilitoka pale na furaha ya mwanafunzi aliyefaulu kwa kuibia mtihani. Nilimnunulia mtoto soda njiani, ya kumpongeza.

Mwezi wa nne wa zile simu, mama mkwe akatoa habari mbili. Ya kwanza, amepeleka jogoo kanisani kumshukuru Mungu. Ya pili, Jumamosi anavuka, anakuja kukaa siku nne na mume wake.

Za mwizi arobaini, na mimi nilikuwa nimezihesabu vibaya.

Alishuka kwenye kivuko na kikapu cha viazi, mtungi wa maziwa mgando, na gauni la kanisani mwilini. Hakunitazama. Aliinama palepale kwenye msongamano wa watu na pikipiki akafungua mikono. "Mume wangu! Nisalimie!" Mwanangu alimtazama, akachukua mkono wake, akauweka juu ya kikapu.

"Ana mafua, mama," nilisema. "Koo limefunga."

Usiku mafua yakapona, nikasema ana usingizi. Jumapili asubuhi nikasema anaona aibu, hajamzoea bibi ana kwa ana. Jumapili jioni nikasema akishiba huwa hasemi, na kabla ya hapo nilikuwa nimesema akiwa na njaa hasemi, kwa hiyo nafasi ya kuongea ilibaki nyembamba sana. Mama mkwe alinisikiliza akimenya viazi. Hakuuliza kitu. Ningekuwa na akili ningeogopa.

Jumatatu sifungui saluni. Mchana nilimlaza mtoto kitandani, nikashusha chandarua, nikaenda uani kufua. Mama mkwe alibaki sebuleni. Chumba chetu cha kulala kina mlango wa nyuma wa kutokea uani, na mlango wa sebuleni umefunikwa na pazia. Nilipomaliza kufua niliingia kwa nyuma kutafuta vibanio, nikinyata kwa ncha za vidole, na hapo nikasikia sauti yake kutoka upande wa pili wa pazia.

"Mume wangu, umeamka?"

Nilitazama kitandani. Chini ya chandarua palikuwa na kivimbe cha shuka, saizi yake kabisa, kimetulia. Nilifikiri kwa haraka. Mtoto amelala, bibi hanioni, pazia limeshuka. Hata simu haijawahi kunipa nafasi nzuri kama ile.

"Nimeamka bibi! Shikamoo!"

"Marahaba, mume wangu. Umelala vizuri?"

"Vizuri, bibi."

"Umeota nini?"

Hajawahi kuniuliza habari za ndoto. Ningeshtukia hapo, lakini nilikuwa nimenogewa. "Nimeota tunavuka na kivuko, mimi na wewe."

"Tumekaa wapi?"

"Juu, kwenye upepo."

"Na mama yako alikuwa wapi?"

"Chini, na mizigo."

Alikohoa. "Na kitenge changu?"

"Chekundu, bibi! Nimeshakununulia."

"Ahsante sana. Basi nikuulize la mwisho, mume wangu. Huyu niliyempakata hapa, anakula kiazi, ni nani?"

Nilivuta pazia. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi. Mwanangu alikuwa mapajani mwake, mashavu yamejaa kiazi, amegeuza kichwa kuelekea kwenye sauti. Kilichokuwa chini ya chandarua kilikuwa mto.

Sisi wakubwa wawili tulibaki tunatazamana. Mtoto ndiye aliyefanya kitu. Aliteremka, akaja, akanipita bila kunitazama. Akainua chandarua, akaangalia. Akaondoa mto. Akalala kifudifudi na kuchungulia chini ya kitanda, akakaa hapo muda mrefu, makalio juu. Alikuwa amesikia kuna mtoto chumbani anayeongea na bibi yake, akaenda kumtafuta wacheze.

Sijawahi kuona aibu kama ile, na nimeshawahi kumuunguza nywele bibi harusi asubuhi ya harusi yake.

"Kaa chini," mama mkwe alisema.

Nilikaa sakafuni.

"Miezi minne," alisema. "Miezi minne natongozwa na mke wa mwanangu."

Nilicheka. Sikukusudia, kilinitoka tu, kicheko cha woga. Yeye hakucheka.

"Nimetoa jogoo. Yule mwekundu, mkubwa. Nimesimama mbele ya watu nikasema mjukuu wangu amefunguliwa kinywa. Padri amemla yule jogoo kwa sauti yako."

"Nisamehe mama."

"Mimi nilikuuliza anaongea au haongei kwa sababu nataka kujua. Sikukuomba unifurahishe." Alifuta mikono kwa khanga. "Hospitali wanasemaje?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye yale maneno kumi na nane nilishusha sauti, lakini masikio yake hayana kasoro.

"Kumi na nane," alisema. "Ameyasikia nani?"

"Mimi."

"Kutoka kwa nani?"

Chumbani mtoto alikuwa amehamia kabatini, anafungua milango mmoja mmoja.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Tena wewe hata hukuficha wa kwako. Umeficha wa mwenzio, asiyeweza hata kukukataza."

Nililia hapo, vizuri, kwa kelele, maana mimi hata kulia siwezi kimyakimya. Sikulia kwa sababu nimekamatwa. Nililia kwa sababu kwa miezi minne nilikuwa na watoto wawili, mmoja anayeongea na mmoja asiyeongea, na nilikuwa nimeanza kumpenda zaidi yule ambaye hayupo. Nilimwambia hivyohivyo. Mama mkwe aliniacha nimalize, kisha akanisukumia sahani ya viazi kwa mguu.

Mume wangu aliporudi kutoka zamu mama yake alimsimulia yote kwa Kisukuma, kwa mikono na kwa sauti, pamoja na ile ndoto ya kivuko. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa bado amevaa gambuti. "Nilikuwa namsikia kwenye simu," alisema. "Nilidhani unajua. Si kina mama wote husema hivyo?" Kisha akaenda kuoga. Mama mkwe alimtazama mgongo, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona mdomo wake unataka kucheka ukakatazwa.

Kesho yake tulikuwa kwenye benchi la hospitali saa moja asubuhi, watatu, bila miadi. Mama mkwe alikuwa amevaa lile gauni la kanisani. Yule dada alipotuita alishangaa. "Mama, si bado mwezi mmoja?"

Nilikuwa nimejipanga njia nzima namna ya kulieleza jambo hili kwa heshima. Nilipofungua mdomo likatoka vibaya: "Yale maneno niliyasema mimi." Akadhani nimemaanisha kwamba nilimtajia mtoto ayarudie. Ikabidi nimweleze simu, na jogoo, na pazia. Mama mkwe aliongezea pale nilipojaribu kuruka.

Dada hakunigombeza. Alitoa ile fomu kwenye faili. "Twende moja moja," alisema. "Mama?"

"Hapana."

"Baba?"

"Hapana."

"Bibi?"

"Hapana."

Tulikwenda hivyo mpaka la kumi na nane. Kwa kila hapana mama mkwe alitikisa kichwa polepole, kama yupo kwenye litania. Nilidhani nitazoea kufikia la tano. Sikuzoea. Neno "maji" lilinichoma kuliko yote, sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa nimelisema vizuri sana kwa niaba yake. Mwishoni karatasi ilikuwa imejaa mistari ya kalamu nyekundu.

"Wazazi wengi huwa wanaongeza," dada alisema akifunga kalamu. "Ila huongeza matatu, manne."

Nilimuuliza, basi, ana tatizo gani, sasa kwa kuwa amejua ukweli. Nilitaka jina. Ningekubali jina lolote, hata refu, hata baya, ili mradi niondoke nalo. Akasema bado hajui. Ataanza mazoezi Alhamisi, kila Alhamisi, na baada ya muda huenda jina litajitokeza lenyewe, huenda lisijitokeze. Nikamwambia hilo si jibu. "Si jibu," alikubali. Nilimchukia kidogo, kisha nikaacha.

"Nyumbani nani anaongea zaidi?" aliuliza.

Mama mkwe alianza kuchunguza feni ya darini.

Basi nikafundishwa kazi. Ukimsemesha mtoto, unyamaze. Uhesabu moyoni mpaka kumi. Usimjibie, usimkumbushe, usimsaidie kwa macho. Alinipa kopo la plastiki lenye gari dogo ndani, kifuniko kimekazwa, akasema nilishike mbele ya mtoto na kungoja. Nilifika nne nikasema, "Unataka gari? Eeh? Gari?" Dada akanitazama. Tukarudia. Nilifika sita. "Sema gari, baba." Mama mkwe alinifinya paja. Mara ya tatu nilifika saba nimeuma meno, na mwanangu akainua uso akanitazama. Hakutazama kopo. Alinitazama mimi, machoni, akingoja kuona kama nitaanza tena. Sikuwahi kumwona akingoja, kwa sababu kila alipotaka kungoja mimi nilikuwa naongea. Kisha akachukua mkono wangu akauweka kwenye kifuniko. Dada akaandika kitu kwenye faili. Nilikuwa natamani kuuliza ameandika nini, nikakaa kimya.

Mama mkwe aliondoka Jumatano. Kwenye kivuko nilimbebea kikapu mpaka mahali alipoketi, chini, na mizigo. Alikataa kupanda juu. Nilifikiri ananiadhibu, lakini ni goti tu. Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nikamwambia, "Haya mama, na mvua huko sijui kama zitawahi."

"Jumapili nitapiga," alisema. "Nataka kuongea na mume wangu. Mwenyewe." Alipanga upya kikapu. "Na yule mwingine alikuwa na maneno mazuri. Sijui kwa nini wewe huna." Honi ikapigwa, nikalazimika kushuka.

Jumapili simu iliita mtoto akiwa sakafuni na rola zake. Niliweka sauti ya nje, nikaketi karibu yake, nikamshikisha. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Mume wangu," simu ilisema, "hujambo?"

Moja. Mbili. Tatu. Mtoto aliigeuza simu akaangalia mgongo wake. Nne. Kufikia tano koo langu lilikuwa limeanza kujibana lenyewe, halikuniuliza. Nilichukua pindo la khanga nikalijaza mdomoni. Sita, saba. Akailamba simu kwenye kioo. Nane. Akagusa kitu, ikalia tii. Ikampendeza, akagusa tena, tii, tii, na ng'ambo ya ziwa bibi yake akawa anapigiwa hizo tii sikioni bila kulalamika. Kumi ilipita. Kumi na tano. Aliisogeza simu karibu na uso, akatulia, akawa anapumua ndani yake, pumzi ndefu zenye kelele za mtoto mwenye pua nzito, na upande wa pili nilisikia mtu mzima naye anapumua.

Nilifika thelathini na kitu nikapoteza hesabu.

"Anasema nini?" mama mkwe aliuliza, na nikajua ananiuliza mimi.

Nilitoa khanga mdomoni. "Sijui, mama."

"Basi usimkatishe."